Siku ya Arobaini na Moja

Bunge la jimbo letu hukaa siku arobaini kwa mwaka, basi. Wakulima wanataka kurudi kwenye ng'ombe wao, na wapiga kura hawapendi kuona wanasiasa wakizoea viti. Kwa hiyo mswada ukitakiwa kuuawa bila kelele, kamati hupiga kura ya kuuahirisha hadi siku ya arobaini na moja. Hakuna anayesema "tumeukataa." Wanasema "tumeuahirisha," wanafunga mafaili, wanakwenda kula. Watu wa nyanda hizi ni waungwana mno. Hata wakikuzika watakuomba radhi kwa vumbi.

Mimi nilikuwa karani wa Kamati ya Sheria. Jumatatu ya wiki ya tano nilisoma majina ya wajumbe mmoja mmoja nikiandika kura zao. Sita walitaka mswada uendelee, sita walitaka uahirishwe. Likabaki jina moja.

"Mwenyekiti Tostenrud?"

Alikuwa akiitazama kalamu yangu, si uso wangu.

"Uahirishwe," alisema.

Nikaandika: siku ya arobaini na moja. Niliandika kwa mwandiko mzuri, maana nina mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio uliotufikisha pale.

Merle Tostenrud alikuwa sherifu wa Kaunti ya Brandt kwa miaka ishirini kabla ya kuingia bungeni. Kwetu bado anaitwa Sherifu, na hata Spika hujisahau akamwita hivyo. Alichaguliwa mara tano, na mara tatu za mwisho hakupata mpinzani. Kampeni yake yote ilikuwa ni kupita kwenye gwaride la Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, ndani ya gari kuukuu la doria akiwarushia watoto peremende dirishani. Hotuba hakuwa nazo. Watu walimpigia kura kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kuvutwa naye kutoka mtaroni wakati wa theluji, au kurudishiwa kijana wake mlevi nyumbani badala ya kumkuta mahakamani. Alipostaafu, wazee wa chama walimfuata hadi jikoni kwake, wakanywa kahawa yake mbaya, wakamwambia kiti cha wilaya kiko wazi. Bungeni hakuwa msemaji pia. Lakini ukifika mswada wowote wa polisi au mahabusu, nusu ya wajumbe waligeuza shingo kumtazama wajue wapige kura gani. Mwaka wa nne akapewa uenyekiti wa kamati. Msimu ule wakaanza kumtaja kwa Seneti.

Na mimi, Joleen Fischbach, nilikuwa mtu wake wa redio ya upepo, nikipokea simu za dharura na kuwaelekeza askari, kwa miaka kumi na saba. Nilijua sauti yake akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa ameona maiti. Alipokwenda bungeni alinitafutia ukarani wa msimu. Watu walisema ni fadhila ya bosi mwema. Ukweli ni kwamba hatukuthubutu kuachana.

Mswada wenyewe ulikuwa kurasa mbili tu. Ulisema kila kifo katika mahabusu ya kaunti kichunguzwe na watu wa nje, na vifo vya miaka kumi iliyopita vifunguliwe upya. Kaunti ya Brandt ilikuwa na kifo kimoja katika miaka hiyo kumi. Tyrel Kessler, umri miaka thelathini na moja, fundi wa matrekta. Alikamatwa asubuhi moja ya Februari kwa kuendesha gari akiwa amenyang'anywa leseni. Alikuwa anayumba na maneno yanamtoka ovyo, askari wakadhani amelewa. Wakamlaza selo namba tatu, pombe imtoke. Pombe haikuwapo. Alikuwa na kisukari.

Kaunti ndogo kama yetu haina pesa ya kuajiri mtu wa redio na mlinzi wa mahabusu. Ni mtu mmoja. Kila nusu saa unatakiwa kuinuka, uende ukachungulie kila selo, urudi uandike kwenye fomu. Na sisi sote, kila aliyekaa kwenye kiti kile, tulikuwa na mchezo wetu: unaijaza fomu yote mwanzo wa zamu, halafu unapata nafasi ya kufanya kazi. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia. Ndivyo nilivyofanya siku ile. Saa nane, amelala, anapumua. Saa nane na nusu, amelala, anapumua. Saa tisa, saa tisa na nusu, hivyo hivyo, mistari imenyooka.

Kisha dhoruba ya theluji ikaangusha basi la shule mtaroni, watoto kumi na mmoja ndani, na dereva hajui yuko barabara gani. Nilikaa na yule dereva kwenye redio kwa muda wa saa mbili. Nilimfanya ahesabu nguzo za umeme, nikamfanya awaimbishe watoto, nikaelekeza katapila hadi likamfikia. Sikuinuka hata kwenda msalani. Saa kumi kasorobo askari mmoja aliingia kutoka kwenye baridi, akapita selo namba tatu, akaniita kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Tyrel alikuwa wa baridi tayari.

Sherifu aliichukua ile fomu, akaisoma. Akanitazama. Kalamu moja, wino mmoja, mkono mmoja usiopumzika. Mtu ambaye amepumua saa tisa na nusu hawi wa baridi saa kumi kasorobo. Alijua papo hapo. Mchunguzi wa vifo wa kaunti, ambaye kazi yake nyingine ni kuuza fanicha, hakuandika saa ya kifo. Wiki mbili baadaye Sherifu aliapa mbele ya hakimu kwamba ukaguzi ulifanyika kila nusu saa kama fomu inavyoonyesha.

Mimi nilipewa ngao ya mbao kwa kuwaokoa watoto wa basi. Mpishi wa shule alikuja mbele ya watu wote kunikumbatia, kwa sababu watoto wale walikuwa wake pia, aliwalisha kila mchana. Huyo mpishi alikuwa Arlys Kessler, mama yake Tyrel. Alikuwa jikoni akiwapashia watoto supu wakati mwanawe anakufa.

Kila msimu wa bunge Arlys aliendesha gari maili mia moja na themanini akaja kwenye kamati yetu. Hakupiga kelele hata siku moja. Alileta kuchen, ile keki ya maziwa na plamu wanayooka wajukuu wa Wajerumani, kwenye trei ya kioo yenye utepe wa gundi chini: KESSLER. Kwetu trei ya mtu hurudishwa imeoshwa, na haifai kuirudisha tupu. Basi mimi kwa miaka mitatu nilikula kuchen ya Arlys, nikaosha trei, nikaweka ndani chupa ya jemu yangu, nikamrudishia. Alikuwa akinishukuru kwa jemu.

Jumanne, siku moja baada ya kura, alitukuta kwenye chumba cha kamati mimi na Sherifu, wengine wameshatoka. Aliweka trei mezani.

"Ya plamu," alisema. "Najua, Merle, unapenda ya malai, lakini mkono unaniuma, siwezi kuikoroga."

"Arlys, hukuwa na haja."

"Sikuleta hongo. Mmeshapiga kura." Akavuta kiti, akakaa na koti lake. "Nimekuja kukuuliza jambo moja, si la bunge. Nimesoma fomu ile mpaka naijua kama sala. Amelala, anapumua. Amelala, anapumua. Nikifumba macho naisikia. Nataka kujua tu, Merle. Kuna mtu alikwenda akamwangalia mwanangu?"

Sherifu alifungua mdomo. Nimemwona mtu huyu akiingia kwenye nyumba yenye mlevi na bunduki huku anatafuna kijiti cha meno. Sasa mikono yake aliificha chini ya meza.

"Fomu inasema hivyo," alisema.

"Sikukuuliza fomu."

Arlys alimngoja kwa uvumilivu kama mtu anayengoja unga uumuke. Kisha akainuka, akanishika bega mimi, MIMI, akasema, "Joleen, usimwachie keki aimalize peke yake," akatoka.

Saa hiyo hiyo habari ilifika kwamba Denise LaRoche, mjumbe kijana, mwanasheria, aliyeleta ule mswada, ameamua kuifukiza kamati. Ndivyo tunavyoita: unamfukizia mnyama moshi shimoni hadi atoke. Mjumbe anaomba mswada utolewe kwa nguvu, na theluthi moja ya wajumbe wakisimama kwa miguu yao na kubaki wamesimama hadi karani awahesabu, kamati haina hiari. Ni lazima iutoe. Hakuna kitufe, hakuna kura ya siri. Unasimama watu wakuone. Katika bunge la wajumbe sabini, walihitajika ishirini na wanne.

Jumatano asubuhi Gaylen Prust, mnadhimu wa chama chetu, alimkuta Sherifu kwenye ngazi. Gaylen ni mtu wa kuuza mashine za kuvunia, na huongea hivyo hivyo.

"Sherifu! Umelala vizuri? Yule binti ana ishirini na watatu. Nimewahesabu mara tatu, ishirini na watatu, hawaongezeki hata ukiwamwagilia maji."

"Ishirini na watatu ni wengi."

"Ni wachache kwa mmoja. Na huyo mmoja hayupo, maana kila anayesita atakutazama wewe. Wewe ukae tu. Kukaa si kazi ngumu, mzee, hata mimi naiweza." Akacheka, akampiga mgongoni. "Na mwezi wa sita tunatangaza Seneti."

Gaylen alipoondoka, Sherifu alinivuta kwenye chumba cha kamati, akafunga mlango. Trei ilikuwa pale pale mezani, hatukuwa tumeigusa.

"Sitaweza kumaliza mchana huu nimekaa," alisema.

"Utaweza. Umeikalia siri hii miaka sita."

"Joleen."

"Unataka nikwambie nini, Sherifu? Ukisimama, mswada unatoka, unapita, jalada linafunguliwa. Wataweka fomu ile chini ya taa. Mtoto wa darasa la tatu ataona imeandikwa kwa pumzi moja. Wewe uliapa. Watakunyang'anya kiti, labda watakufunga. Na mimi..."

"Mimi nimeshaamua yangu," alisema. "Nina miaka sitini na sita. Wakinifunga nitapata muda wa kusoma. Lakini mwandiko ni wako. Niliapa kukulinda, na sasa siwezi kusimama nikakukanyaga mgongoni bila wewe kusema. Sema simama, nitasimama. Sema kaa, nitakaa, na sitakulaumu mpaka nife."

Nilikuwa na mjukuu wa miezi minne. Nilikuwa na ngao ya mbao ukutani, na watoto kumi na mmoja ambao sasa ni vijana na bado wananipungia mkono dukani. Niliogopa. Sina neno la kupamba: niliogopa, nikajipenda mimi kuliko Arlys.

"Kaa," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama askari aliyepewa anwani kwenye redio. Akatoka.

Saa nane mchana Spika aligonga nyundo. Makarani wa kamati hukaa kwenye benchi la ubavuni, karibu na ukuta wa marumaru, ambako tunaona wajumbe wote. Juu, kwenye roshani ya wageni, Arlys alikuwa mstari wa mbele, koti mwilini, mikono juu ya ukingo.

Denise LaRoche alisimama. "Mheshimiwa Spika, naomba Kamati ya Sheria itoe mswada namba 1147."

"Wanaounga mkono wasimame na wabaki wamesimama," alisema Spika.

Viti vililia. Mmoja mmoja waliinuka: walimu, mchungaji mmoja, mfuga kondoo wa magharibi ambaye hakuna aliyemtegemea. Karani mkuu alipita katikati na penseli, akinong'ona namba. Sherifu alikuwa mstari wa nne, viganja juu ya meza, anatazama mbele. Nyuma yake wajumbe watatu wanne walikuwa wanamtazama kisogo. Gaylen alikuwa amejiegemeza kwenye kiti chake kana kwamba yuko kwenye sinema.

"Ishirini na watatu," karani alisema.

"Kuna mwingine?" Spika aliuliza. Kanuni inamtaka aulize mara mbili.

Nilisikia hita ikigongagonga. Nikajisemea, basi, imekwisha, nusu dakika nyingine na itakuwa siku ya arobaini na moja milele. Nikainua macho juu, nikamwona Arlys. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu. Midomo yake ilikuwa inakwenda, anahesabu vichwa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kidole, anarudia, kwa sababu hakumwamini tena mtu mwingine kumhesabia. Mama huyu alikuwa anafanya kwa watu ishirini na watatu kile ambacho mimi sikufanya kwa mtu mmoja. Alikuwa anaangalia.

Nilisimama.

Sikupanga. Magoti yangu yalipanga. Karani wa benchi lililo jirani alinivuta sketi. "Joleen, keti, wazimu umekupata?"

Spika alinitazama juu ya miwani. "Bi. Fischbach, kuna tatizo?"

"Hapana, Mheshimiwa Spika."

"Wewe si mjumbe. Huhesabiki. Tafadhali keti."

Watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliobanwa na woga. Sikukaa. Nilikuwa namtazama Sherifu, na yeye aligeuza kichwa akaniona nimesimama, mikono imeshuka, sina pa kuificha. Miaka kumi na saba nilimpa maelekezo redioni bila kumwona uso. Nikaitikia kwa kichwa mara moja: simama.

"Nauliza kwa mara ya pili," alisema Spika. "Kuna mwingine?"

Kiti cha Sherifu kililia. Alisimama wima kama siku za kula kiapo, akafunga kifungo cha koti.

"Ishirini na wanne," karani alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kisha wakasimama wale wa nyuma yake. Ishirini na watano. Ishirini na wanane. Thelathini na mmoja. Gaylen alikuwa anamvuta Sherifu mkono wa koti. "Mzee, umekosea, tumekubaliana nini?" Sherifu hakumtazama. "Gaylen," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi letu, "niliapa uongo. Kamtafute mtu mwingine wa Seneti."

Spika aligonga nyundo. Kamati ikaamriwa itoe mswada, na karani wa kamati ni mimi. Nilikwenda kwenye chumba chetu kuchukua jalada. Nilikuwa nimeshika jalada kifuani nilipogeuka nikamkuta Arlys mlangoni. Alikuwa ameshuka ngazi mbio, anahema.

"Ulisimama," alisema. "Wewe huna kura, na ulisimama."

"Ndiyo."

Macho yake yalishuka kwenye jalada, kwenye kibandiko nilichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, herufi zimenyooka. Fomu ile aliijua kama sala. Niliona anausoma mwandiko. Niliona unamfikia.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Hukwenda kumwangalia."

"Sikwenda, Arlys. Niliandika kabla. Basi lilipoanguka..."

"Usiniambie basi." Alinyoosha kiganja kunizuia. "Watoto wale niliwapa supu mimi. Usiniambie basi."

Angenipiga ningeshukuru. Alipita pembeni yangu hadi mezani, akatazama trei, kuchen nzima, hata kisu hakijagusa.

"Miaka mitatu," alisema. "Ulikula. Ukaniwekea na jemu."

Aliinua trei kwa mikono yote miwili, hata ule unaomuuma, akaenda nayo kwenye pipa la taka. Akaipindua. Akachukua leso yangu ya mezani, akafuta kioo taratibu, kona zote nne, hadi kikang'aa. Kisha akaiweka trei tupu chini ya kwapa.

"Peleka karatasi zako," alisema. "Wanazingoja."

Nikazipeleka.